Hifadhini na watoto: anza kupanga usiku

Wazazi wanaotaka kuleta watoto kupiga kambi Mikumi huniuliza kwanza kuhusu simba. Mimi nami huwauliza: mtoto akibanwa mkojo saa nane usiku, mtafanyaje?

Kambi zetu hazina uzio. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230 na mnyama anapita anapotaka, hata katikati ya mahema. Kambi ya umma ina choo na mahali pa kupikia. Kambi maalumu ni uwanja mtupu na mti wa kivuli. Kama una mtoto mdogo, achana na kambi maalumu, hata ukisifiwa mandhari yake. Na hata kwenye kambi ya umma, njia ya chooni usiku si ya mtoto. Bebeni poti, au ndoo ndogo yenye mfuniko, ikae ndani ya hema. Wapo wanaoona haya kuitaja. Kwangu inatangulia tochi.

Mtoto alale katikati ya wakubwa na zipu ifungwe mpaka chini. Hewa ipite kwenye dirisha la wavu. Hema likifungwa vizuri, kwa kawaida mnyama hulipita. Matata huanza mlango ukiachwa wazi kwa sababu ya joto, au ndani kukiwa na chakula.

Niliwahi kukagua kambi jioni nikakuta ndizi mbili na pakiti ya biskuti chini ya mto wa mtoto. Bibi yake alikuwa amemwekea asije akaamka na njaa. Tulizitoa tukazifungia garini, bibi akanuna. Asubuhi tukakuta nyayo za fisi zimelizunguka jiko la mkaa, na sufuria ya ugali iliyosahaulika nje imeburutwa mpaka kwenye majani. Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Maembe na machungwa ni mabaya zaidi, kwa sababu tembo huyanusa kutoka mbali. Mchana kuna nyani na tumbili: mtoto anayezunguka na ndizi mkononi atanyang'anywa, pengine na kukwaruzwa juu. Ale akiwa amekaa karibu na mtu mzima. Asitembee peke yake hata kwenda garini, na akiona mnyama asikimbie. Mfundisheni nyumbani kwa mchezo: mzazi akisema "sanamu", kila mtu anaganda na kunyamaza, kisha wote wanarudi nyuma polepole. Watoto wa miaka minne wanauweza kuliko baba zao.

Mbung'o nao wana mambo yao. Huuma mchana, hufuata gari linalotembea, na huvutiwa na rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo ile kaptula ya bluu ya shule ibaki nyumbani. Vaeni kaki, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo. Giza likiingia ni zamu ya mbu: tumieni chandarua, na dawa ya kupaka inayomfaa mtoto kwa umri wake. Mtoto akipata homa baada ya safari, msinunue dawa dukani. Mpelekeni hospitali na mtaje kwamba mlikuwa hifadhini na mliumwa na mbung'o, apimwe malaria na daktari aikumbuke pia homa ya malale.

Machi hadi Mei udongo mweusi wa uwanda wa Mkata hugeuka tope na magari hukwama. Kuanzia Juni panakauka, lakini usiku una baridi kuliko mtu wa Dar es Salaam anavyodhani, kwa hiyo blanketi la ziada linahitajika. Fedha taslimu hazipokelewi getini, fanyeni mpango wa malipo mapema. Kutoka Dar ni takriban kilomita 300, na kwa watoto mtasimama mara nyingi. Jitahidini muwe kambini kufikia saa kumi jioni, mfunge hema kukiwa na mwanga.

Usiku mkisikia simba akinguruma, mwambieni mtoto kwamba sauti ile husikika hata kilomita 8, kwa hiyo huenda yuko mbali kabisa. Akishalala, kagueni zipu tena.