Si kweli kwamba watu wa Lamu walikataa umeme

Bado utasikia ikisemwa kwamba wakazi wa Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, pale Kwasasi, kwa kuwa hawapendi maendeleo. Sivyo hata kidogo. Wavuvi wanaotegemea samaki na kaa wa kwenye mikoko waliuliza jambo la maana: maji ya moto kutoka mtamboni yakimwagwa baharini, tutavua nini? Na majivu je?

Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo huo. Sababu moja kubwa: mikutano ilifanywa kabla ripoti ya athari za mradi kwa mazingira haijakamilika. Yaani watu waliitwa, wakaketishwa, wakasimuliwa mradi, lakini madhara yaliyoandikwa kwenye ripoti hawakuelezwa.