Hisa ya Shilingi Tano na Daftari la Mama Mdogo

Machi 2008, foleni za watu waliotaka hisa za Safaricom, kampuni ya simu, zilifika nje ya milango ya benki na ofisi za madalali wa hisa. Serikali ya Kenya ilikuwa inauza robo ya kampuni, yaani hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5, na mtu hakuruhusiwa kuomba chini ya hisa 2,000. Benki zilikopesha watu fedha za kununulia. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na mwananchi wa kawaida akapata takriban moja ya tano ya alichoomba, salio akarudishiwa.

Mama yangu mdogo, mwalimu aliyekwisha kustaafu, alipanga foleni siku hizo. Alipata hisa 420, na anazo hadi leo. Mwaka 2023 alinipigia simu: "Mwanangu, hisa zangu zilipita arobaini, leo ziko kumi na nne. Niuze?" Jumamosi yake tuliketi mezani na daftari la mistari na kalamu mbili. Maswali aliyoniuliza siku ile ndiyo ninayoulizwa na karibu kila mtu anayetaka kuwekeza kwa muda mrefu, na nyuma ya kila moja kuna dhana potofu.

Dhana: hisa ya shilingi 14 ni rahisi, ya shilingi 400 ni ghali

Hii ndiyo inayotugharimu zaidi, na ndiyo iliyowavuta wengi 2008. Shilingi tano! Nani atakosa shilingi tano?

Bei ya hisa moja haikwambii lolote mpaka ujue kampuni imegawanywa hisa ngapi. Safaricom ina hisa bilioni 40 na ushei. Zidisha kwa 14, unapata zaidi ya shilingi bilioni 560. BAT Kenya, kampuni ya sigara ambayo watu huikwepa wakisema ni ya wenye nazo, ina hisa milioni 100 tu. Hata ikiuzwa shilingi 400, kampuni nzima ni bilioni 40. Hiyo hisa "ghali" ni ya kampuni ambayo soko linaithamini chini ya moja ya kumi ya Safaricom.

Swali lenye maana ni hili: kwa kila shilingi moja ya faida, unalipa shilingi ngapi? Katika mwaka ulioishia Machi 2008, Safaricom ilipata faida ya karibu bilioni 14 baada ya kodi. Gawanya kwa hisa zote, ni kama senti 35 kwa hisa. Aliyenunua kwa shilingi 5 alilipa takriban shilingi 14 kwa kila shilingi ya faida. Mwaka 2021 faida ilikuwa imefika bilioni 68.7, yaani shilingi 1.71 kwa hisa, lakini bei nayo ilikuwa imepita 40. Aliyenunua wakati huo alilipa zaidi ya shilingi 23 kwa shilingi ileile moja.

Kampuni ilikuwa nzuri na bado ilikuwa inakua, ila bei ilikwisha kuhesabu miaka mingi ya ukuaji uliokuwa haujatokea. Kisha mambo yakaja kwa mpigo. Gharama za kufungua mtandao Ethiopia, ulioanza kazi rasmi Oktoba 2022, zikala faida. Wawekezaji wa nje wakawa wanauza hisa zao kwenye soko la Nairobi. Hati fungani, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji, zikaanza kulipa riba ambayo hisa haikuweza kushindana nayo. Katika mwaka ulioishia Machi 2023 faida ya Safaricom pamoja na kampuni zake tanzu ilishuka hadi takriban bilioni 52, pungufu ya chini kidogo ya robo ukilinganisha na 2021. Bei yenyewe ilianguka kwa theluthi mbili. Mama mdogo alipoziona namba hizo mbili zimeandikwa pamoja, alinyamaza kidogo, akapigia mstari ile ya faida.

Dhana: kampuni ikikua, mwenyehisa amekua nayo

Hapa naomba msomaji atulie nami, kwa sababu hata watu waliozoea soko huteleza.

Mwaka 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90 kwa hisa. Muda mfupi baada ya kuingia soko la hisa bei ikafika karibu 40, na furaha ile ndiyo iliyosukuma foleni za Safaricom miaka miwili baadaye. Je, KenGen ilikua? Ilikua kweli. Kufikia 2015 mitambo mipya ya Olkaria ilikuwa imeongeza megawati 280 za umeme wa mvuke wa ardhini. Mtu anayepita Naivasha anaiona kazi hiyo kwa macho yake.

Lakini visima na mitambo hujengwa kwa fedha, na fedha nyingi zilikuwa za mkopo. Mwaka 2016 kampuni iliwaomba wenyehisa waongeze mtaji: kwa kila hisa moja uliyo nayo, nunua mbili mpya kwa shilingi 6.55. Serikali ililipa sehemu yake kwa kugeuza madeni iliyokuwa inaidai kampuni kuwa hisa. Hisa zikatoka takriban bilioni 2.2 hadi bilioni 6.6. Mwenye hisa za zamani ambaye hakuwa na fedha za kuongeza alibaki na theluthi ya fungu lake la awali. Mwishoni mwa 2023 hisa hiyo ilikuwa inauzwa karibu shilingi 2.

Simlaumu yeyote, nchi ilihitaji umeme, na umeme ukapatikana. Ninachosema ni kwamba ukuaji unaokuhusu wewe ni wa faida kwa kila hisa. Faida ikipanda mara mbili na hisa zikawa mara tatu, wewe umerudi nyuma huku kampuni ikisherehekea. Safaricom, tangu 2008, haijaongeza hisa: zilikuwa bilioni 40 na bado ni bilioni 40. Kwa hiyo faida ilipokua, fungu la mama mdogo nalo lilikua, na hakuombwa shilingi nyingine.

Dhana: muda mrefu maana yake ni kununua na kusahau

Mumias, kampuni ya sukari, iliingia sokoni 2001, na ilikuwa fahari ya Magharibi ya Kenya. Waliokaa nayo kwa uvumilivu waliona madeni yakilundikana mpaka 2019, benki iliyoidai ikaweka meneja wake kusimamia mali. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Kwa miaka hiyo yote, mwenye nazo hata angetaka kutoka hakuwa na mlango. Dalili zilikuwepo kwenye ripoti za mwaka muda mrefu kabla: madeni kukua kuliko mauzo, na mtaji wa wenyehisa kuliwa na hasara.

Ripoti ya mwaka ina kurasa nyingi, na mtu asiye mhasibu ana haki ya kuogopa. Mimi huanza na vitu vinne tu. Mauzo yamepanda au yameshuka? Fedha taslimu zilizoingia kutokana na biashara zinafanana na faida inayotangazwa? Madeni ni kiasi gani? Na hisa ni ngapi ukilinganisha na mwaka jana? Tulichora safu nne kwenye daftari, moja kwa kila swali.

Dhana: bei ikishuka chini ya uliyonunulia, umeshapoteza

Mapema 2009 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyeuza hapo alipata hasara ya kweli, na wengi walilazimika kuuza kwa sababu mkopo wa benki haungoji soko. Ndiyo maana nasisitiza sana jambo hili: fedha za karo ya Januari, za kodi ya nyumba au za mkopo zisiingie kwenye hisa za kukaa nazo miaka kumi. Mama mdogo alinunua kwa akiba yake, ndiyo maana 2009 aliweza kutofanya chochote.

Dhana: hisa za ukuaji hazina gawio

Gawio ni sehemu ya faida inayolipwa wenyehisa. Kati ya hisa za ukuaji, yaani za kampuni zinazotarajiwa kukua, zipo zisizolipa, hasa za kampuni zinazorudisha kila shilingi kwenye biashara, na hilo si kosa. Lakini kwa mwaka ulioishia Machi 2023 gawio la Safaricom lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Hisa 420 ni shilingi 504. Toa kodi ya asilimia 5, zinabaki 478.80. Hisa zile zilimgharimu 2,100. Gawio la mwaka mmoja, kabla ya kodi, ni asilimia 24 ya fedha alizotoa mfukoni 2008.

Alicheka akasema hiyo ni pesa ya sukari na unga, na ni kweli. Hata bei ilipokuwa 44, hisa zake zote hazikufika shilingi 19,000. Wanaosema "ningenunua 2008 ningekuwa tajiri" wanasahau kwamba walioomba walipewa moja ya tano tu ya walichoomba. Mtaji mdogo hukua kwa kuongezwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na kwa gawio kurudishwa kununua hisa nyingine badala ya kuliwa. Tena shilingi yenyewe imeshuka: 2008 dola ilikuwa kama shilingi 62, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa kama 160.

Hakuuza. Mei iliyofuata, matokeo ya mwaka yalipotoka, alinipigia yeye mwenyewe akiwa na daftari mkononi, na alianza kunisomea kutoka safu ya nne: "Bilioni arobaini, mwanangu. Haijasogea."