Zege lipo, mabasi je? Hesabu ya mwendokasi ambayo ripoti nyingi zinairuka

Kazi yangu ni kupiga hesabu za miradi ya usafiri kabla haijajengwa, yaani mtu ana wazo la barabara au daraja au reli, sisi tunakaa chini tunaangalia je faida itazidi gharama au tunaenda kuzika hela za watu. Na swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe kwenye kitchen party ya mtoto wa jirani au kwa kinyozi, ni la mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam: mbona mradi ulisifiwa sana, ukapewa mpaka tuzo, na bado kituo cha Kimara, mwisho wa njia, asubuhi ni nyomi vile? Leo naandika ili nikiulizwa tena nitume linki tu nimalize.

Kwanza tuupe mradi haki yake. Awamu ya kwanza ni kilomita 21 hivi, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mabasi yakaanza kubeba watu Mei 2016, na tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018 ikaja Dar, jiji la kwanza Afrika kuichukua. Kihandisi iko vizuri. Basi lina njia yake peke yake katikati ya barabara, tiketi unakata kabla hujapanda, sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi, halafu pale vituoni kuna nafasi ya kupitana ili basi la ekspresi lisikwame nyuma ya linalosimama kila kituo. Mimi sina ugomvi na zege.

Ugomvi wangu uko kwenye ukurasa mmoja wa upembuzi yakinifu, ile ripoti ya kupima kama mradi utalipa, ukurasa wa faida. Mradi kama huu faida yake kubwa sio nauli, ni muda. Unachukua dakika ambazo abiria anaokoa, unazidisha kwa idadi ya abiria, unazipa thamani ya shilingi kulingana na kipato cha watu wanaotumia ile ruti, unafanya hivyo kwa miaka 20 au 30 mbele, halafu unairudisha kwenye thamani ya leo kwa riba fulani, miaka mingi wakopeshaji wetu wamezoea 12%. Ikizidi gharama, mradi unapita. Mpaka hapo hakuna uchawi.

Shida ni kwamba dakika zote hazifanani. Dakika umekaa ndani ya basi linatembea ni kitu kimoja, dakika umesimama kituoni hujui basi linakuja saa ngapi ni kitu kingine kabisa, na tafiti za nchi nyingi zinaonyesha watu wanaichukia dakika ya kusubiri karibu mara mbili ya ile ya safari. Kwa hiyo sisi kwenye hesabu tunaizidisha kwa mbili. Sasa chukua mfano, namba ni zangu za kuonyesha tu. Zamani mtu wa Kimara anasubiri daladala dakika 10, anakaa kwenye foleni dakika 90 mpaka Posta, katikati ya mji. Kwa uzito wetu hiyo ni 20 jumlisha 90, tunapata 110. Ikaja mwendokasi, safari dakika 45, kusubiri dakika 5, jumla inakuwa 55, ameokoa nusu nzima na mradi unang'ara. Lakini mwache huyo huyo asubiri dakika 30. Safari bado ni 45, kusubiri kumekuwa 60, jumla 105. Faida yote ya kilomita 21 za zege imebaki dakika 5. Na hapo sijagusa kubanana, maana kusimama umebanwa mpaka huwezi kutoa simu mfukoni nako kuna uzito wake, ukiuweka mtu wa Kimara anaweza kutoka na hasara kwenye karatasi.

Sasa kwa nini asubiri dakika 30? Hapa ndipo hesabu ya mabasi inaingia, na ni rahisi kweli, mtoto wa darasa la sita anaiweza. Basi likienda Kivukoni na kurudi Kimara na kupumzika kidogo likatumia dakika 120, na wewe unataka basi kila baada ya dakika 2, unahitaji mabasi 60 kwenye hiyo ruti. Ukiwa na 20, basi linakuja kila dakika 6. Mtu anasema dakika 6 si mbaya, hata Ulaya wanasubiri dakika 6! Ndiyo, lakini Ulaya basi likija unapanda. Lile refu la mita 18 tuseme linabeba watu 150, kwa hiyo mabasi 10 kwa saa yanabeba 1,500. Kama kituoni wanafika watu 3,000 kwa saa, kila saa inayopita wanabaki 1,500, na hao hawaondoki wanawasubiri wenzao wa saa inayofuata. Muda wa kusubiri unaacha kabisa kuhesabiwa kwa nafasi kati ya basi na basi, unahesabiwa kwa mabasi mangapi yamekupita yamejaa. Hii kitu haipandi kidogo kidogo, ikishavuka mstari inaruka.

Na turudi kwenye namba halisi. Huduma ya mpito, ile ya muda ya kuanzia, ilianza na mabasi 140, yakaja kuongezeka 70, wakati mahitaji ya awamu ya kwanza yaliyokuwa yanatajwa na wahusika wenyewe ni mabasi 305. Na hayo machache nayo yakachakaa, mengine yakalala karakana yakisubiri spea. Hapo huhitaji mchumi tena.

Kuna kitu nakipenda sana kukiangalia nikiwa kituoni na daftari, kile cha kugeuza. Mtu anakaa Korogwe au Bucha, anatakiwa kwenda Posta, lakini asubuhi anavuka anapanda linaloelekea Kimara, anakaa kwenye siti, linageuka naye, anarudi anapita pale pale nyumbani kwake ameshakaa anachati. Ukimwangalia unaweza kucheka ila kiuchumi huyu ametupa data ya dhahabu, amesema kwa vitendo kwamba yuko tayari kutoa dakika 20 za usingizi ili apate siti tu. Hakuna dodoso litakalokupa jibu la ukweli kama hilo. Halafu angalia upande wa pili, huyo mtu anakula nafasi ya basi kwa kwenda na kurudi kwa nauli moja, na yule wa Kimara mwenyewe aliyepanga foleni anakuta basi limefika limeshajaa watu wa kugeuza. Upungufu wa mabasi unazaa tabia, tabia inaongeza upungufu.

Sasa twende kwenye kosa la kitaalamu. Kila ripoti ya upembuzi ina sehemu ya kupima hatari: gharama ikipanda 20% je, faida ikishuka 20% je, vyote vikitokea kwa pamoja je, mradi bado unalipa? Jedwali zuri, limepakwa rangi. Lakini jaribu kutafuta mstari unaouliza "mabasi yakija nusu je?" Huupati. Kwa sababu kwenye Excel ya mshauri mabasi yapo tu, ni namba kwenye seli, yanakuja siku ile ile zege linapokauka. Kwenye maisha ya kweli mkopo ulilipia barabara, vituo na karakana, mabasi yakaachwa aje mwekezaji binafsi, na mwekezaji ana hesabu zake mwenyewe.

Na hesabu zake ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi watu wote wanaelekea upande mmoja, Posta na Kariakoo, basi linarudi Kimara na wale wa kugeuza tu. Nauli ilianza 650 ya bei moja kwa njia kuu, na aliyepanda Kimara anashuka Kivukoni, siti umeiuza mara moja. Mwenzake wa daladala anaiuza siti ile ile mara mbili tatu njiani, konda anapiga debe kila kituo, na ndio maana daladala mbovu inaishi na basi jipya linaumwa. Kwa uchumi wa nchi dakika zilizookolewa ni faida kabisa, tatizo dakika hazinunui dizeli. Tofauti hii, ya faida ya kiuchumi na faida ya kifedha, ndiyo ningependa kila anayesaini mkataba wa mradi wa mabasi aielewe kabla ya kushika kalamu. Mradi unaweza kuwa mzuri sana kwa nchi na mbaya kwa mwendeshaji, na kama hakuna aliyekaa kuamua hiyo tofauti analipa nani, atailipa abiria kwa kusimama kituoni.

Bogotá kule Colombia, ambako wengi tumekopi huu mfumo, waendeshaji wa TransMilenio walilipwa kwa kilomita wanazotembeza, nauli zinaingia kwenye kapu moja linalosimamiwa na watu wengine. Ukilipwa kwa kilomita hujali basi limejaa au la, unajali litoke karakana kwa wakati. Ukilipwa kwa abiria unaona raha basi likijaa, na njia rahisi ya kujaza mabasi ni kuwa na mabasi machache. Nao wana matatizo yao kibao, kubanana kule ni habari nyingine, ila angalau motisha imeelekea upande sahihi.

Karakana ya Jangwani nayo siwezi kuiacha. Watu wanauliza nani huyo aliyeweka mabasi kwenye bonde la Msimbazi, mvua ikinyesha yanaogelea. Ukweli kwa kigezo kimoja pale ni pazuri, maana karakana ikiwa karibu na njia na karibu na mjini unapunguza kilomita tupu, zile basi linatembea bila abiria kwenda kulala, na hizo zinakula mafuta kila siku ya Mungu kwa miaka 20. Lakini maji yakija yanaharibu mabasi, barabara pale inafungwa, na huduma yote inakatika katikati. Kiwanja kilionekana rahisi kwa sababu bei ya mafuriko haikuandikwa. Leo kuna mradi mzima wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 200, ndani yake kuna daraja refu la Jangwani na kuihamisha karakana yenyewe.

Awamu ya pili ya Mbagala ndiyo inaniuma zaidi, maana somo lilikuwa lipo tayari. Kilomita 20 na ushee za Kilwa Road kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ujenzi ulianza 2019, njia ikakamilika watu wanaiangalia, na mabasi yakaja kuanza 2025. Muda wote huo pale Rangi Tatu, Mbagala, watu wanaingia daladala kwa dirishani huku pembeni kuna njia safi ya zege haina kitu. Kwa ile riba ya 12%, ukichelewesha faida miaka miwili tu umepoteza karibu moja ya tano ya thamani yake yote, na mkopo hauchelewi, wenyewe unasoma tu.

Kwa hiyo nikiitwa kushauri nasema mkataba wa mabasi usainiwe kabla ya mkataba wa zege, au hela za mabasi ziwe ndani ya mkopo ule ule, na waendeshaji wawe wawili au zaidi ili mmoja akizingua kuna wa kuziba. Na daladala zisiondolewe barabarani mpaka idadi ya mabasi itimie, kwa sababu ile dakika 10 ya kusubiri daladala ndiyo tunayojilinganisha nayo, ukiifuta kabla ya wakati umemwachia abiria bodaboda peke yake.

Saa hizi ujenzi wa Gongo la Mboto na ule wa Tegeta unaendelea. Mabasi yakija kwa mafungu, na nahisi yatakuja kwa mafungu, mimi ningeanza na Tegeta, kwa sababu Bagamoyo Road ina Mwenge, ina Makumbusho, ina Morocco, watu wanashuka na wengine wanapanda kila mahali na kazi ziko pande zote mbili, siti inauzika mara mbili. Gongo la Mboto ina viwanda na uwanja wa ndege ila asubuhi mkondo bado ni mmoja, kwa hiyo kule mabasi yatahitajika mengi zaidi kwa hela kidogo zaidi, na ruzuku yake ipangwe kwenye bajeti kuanzia sasa hivi.