Jezi za kombinesheni ni nini? Stori ya Oregon Ducks, timu isiyorudia nguo

Mwaka juzi nilinunua jezi Karume kwenye mitumba, elfu saba baada ya kubishana sana, kijani iliyokolea, namba 10 ya njano kifuani na mgongoni, jina hakuna, halafu mabegani ina michoro ya ajabu kama lile bati zito lenye vinundu wanaloweka kwenye ngazi za basi ili abiria wasiteleze. Muuzaji kaniapia kabisa hiyo ni Yanga ya zamani. Nikaivaa mtaani, nusu ya watu wakanisalimia kama Mwananchi mwenzao, nusu wakanizomea, na mimi mwenyewe sikuwa na hoja maana kijani na njano ni kijani na njano tu. Ilibidi nikae chini nifuatilie, ndo nikakuta hiki kitu wanachokiita kombinesheni, na tangu hapo sijatulia.

Jezi yenyewe ni ya Oregon Ducks, yaani Bata wa Oregon, timu ya mpira wa Kimarekani (ule wa kubeba mkononi na kugongana) ya Chuo Kikuu cha Oregon, mji wa Eugene, magharibi kabisa mwa Marekani. Usije ukasikia "timu ya chuo" ukafikiria bonanza la wanafunzi la Jumamosi. Kule timu za vyuo zinajaza viwanja vya watu laki moja, zinaonyeshwa kwenye tivii nchi nzima, na mzee wa miaka 70 aliyemaliza chuo zamani bado anagombana na mkwewe kwa ajili ya timu ya chuo chake.

Sasa maana. Sisi kwenye soka tumezoea jezi ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, unapewa seti nzima, juu hadi chini, imeisha hiyo. Jezi za kombinesheni ni kuivunja hiyo seti. Helmeti inasimama peke yake, jezi peke yake, suruali peke yake, soksi na viatu vivyo hivyo, kila kimoja kina rangi kadhaa, halafu kila wiki unachanganya upya. Fanya hesabu ndogo tu: tuseme una helmeti za aina 4, jezi 5 na suruali 5, hapo tayari ni michanganyiko 100 na soksi hujazigusa, wakati msimu mzima una mechi kama 12 au 13 hivi na chache za ziada ukifanya vizuri. Maana yake timu inaweza kucheza msimu mzima bila kurudia muonekano hata mara moja. Oregon ndo waliolifanya hili jambo kuwa dini.

Ila ili uelewe kwa nini watu walishtuka inabidi urudi nyuma kidogo. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton, na hakukuwa na jezi kabisa. Watu walivua makoti wakaingia, na wale wa Rutgers ili wajuane wakajifunga vitambaa vyekundu kichwani kama vilemba. Yaani uniform nzima ya mchezo huu imeanzia kwenye kilemba! Baadaye ndo zikaja sweta nzito za sufu, helmeti za ngozi, namba. Namba zenyewe zimechelewa kweli, kuvaa namba mbele na nyuma kulikuja kuwa lazima kwa vyuo mwaka 1937, na helmeti ikawa lazima mwaka 1939, kabla ya hapo mtu aliyetaka kugonganisha kichwa chake kitupu hakuna wa kumzuia.

Rangi pia hazikuwa mambo ya dizaina, ilikuwa ni shida za kufua. Texas hapa wana stori nzuri sana. Jezi zao za machungwa zilikuwa zinapauka zikifuliwa hadi kufika mwisho wa msimu zimekuwa kama njano, wapinzani wakawa wanawacheka wana matumbo ya njano, yaani waoga. Mwaka 1928 kocha wao Clyde Littlefield akaamua kuagiza machungwa iliyoungua ile ya kukolea isiyopauka kirahisi. Vita ya pili ya dunia ikaleta uhaba wa dawa ya rangi wakarudi kwenye ile nyepesi, mpaka kocha Darrell Royal alipoirudisha iliyokolea mwaka 1962, na leo hiyo rangi ni kama bendera ya taifa kwa watu wa Texas.

Michigan nao kuna zile mbawa za njano kwenye helmeti, zililetwa na kocha Fritz Crisler mwaka 1938 alipotoka Princeton, na sababu yake ilikuwa ya kazi tu, mrushaji akiinua macho amuone mwenzake kule mbele kwa haraka. Hazijaondoka mpaka leo. Penn State ndo kabisa, helmeti nyeupe haina hata nembo, jezi haina jina la mchezaji. Hiyo ndo iliyokuwa imani ya vyuo: timu kubwa haibadilishi nguo. Mjukuu anatakiwa aone kilekile alichoona babu.

Oregon kwenye huo mkutano wa mababu hawakuwa na kiti. Miaka ya 80 chini ya kocha Rich Brooks walivaa helmeti ya njano yenye herufi U na O zimeshikana, jezi kijani, suruali njano, ukiwaangalia kwa mbali unaona Green Bay Packers wa ligi ya kulipwa wamepotea njia. Na mpira wenyewe ulikuwa hivyohivyo. Mwaka 1983 walicheza na jirani zao Oregon State kwenye mvua, mpira unadondoka ovyo kama sabuni bafuni, ikaisha 0-0. Kwa mchezo ambao timu zinafunga pointi 30 na 40, sifuri kwa sifuri ni aibu ya ukoo, na haijawahi kutokea tena kwa vyuo vya daraja la juu (baadaye waliweka muda wa nyongeza kwa hiyo haiwezi kutokea tena). Watu waliibatiza mechi ile jina la choo, sitanii.

Mambo yakaanza kugeuka Oktoba 1994. Wanacheza na Washington, mahasimu wao wa kufa na kuzikana, wanaongoza kwa pointi chache na Washington wanakaribia kufunga, dogo mmoja Kenny Wheaton akaudaka mpira wa mpinzani akakimbia nao yadi 97 mpaka mwisho. 31-20. Msimu ule wakafika Rose Bowl, mechi kubwa ya heshima ya kufunga msimu, kwa mara ya kwanza tangu 1958. Wakapigwa na Penn State, haohao wa helmeti nyeupe, 38-20, lakini mlango ulishafunguka.

Na hapa ndo anaingia mzee mwenye hela. Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, alisoma Oregon na alikuwa mkimbiaji wa chuo, kocha wake Bill Bowerman ndo aliyeanzisha naye kampuni. Baada ya Oregon kupigwa 38-6 na Colorado kwenye Cotton Bowl, mechi nyingine ya aina ile ya Rose Bowl, tarehe 1 Januari 1996, Knight akamuuliza kocha Mike Bellotti kitu gani kinahitajika ili timu ipande. Kocha akataka jengo la mazoezi lenye paa, maana Eugene mvua haiishi, likajengwa. Ila kilichokuja kubadilisha sura ya timu ni nguo.

Tatizo la Oregon lilikuwa hili: jimbo lenyewe halizalishi wachezaji wengi, kwa hiyo wanatakiwa kwenda California, Texas, hadi Hawaii kumshawishi kijana wa miaka 17 aache chuo maarufu cha nyumbani kwao aje kwenye mvua. Utamwambia nini? Historia huna, ukimuonyesha kabati la makombe litakuaibisha. Basi wao wakamuonyesha nguo. Mimi naona hapo ndo siri yote ilipo na watu wengi wanaikosa, wanadhani Oregon walikuwa wanafanya fujo za fasheni. Jezi ya Michigan inaongea na babu, ameshasoma, ameshamaliza, anatoa michango chuoni. Jezi ya Oregon inaongea na dogo wa sekondari ambaye bado hajachagua chuo. Ukilijua hilo kila kitu walichofanya kinaeleweka, hata vile vibaya.

Mwaka 1999 ndo walizaliwa upya. Nike wakampa kazi Tinker Hatfield na wenzake, Hatfield huyohuyo aliyechora viatu kadhaa vya Air Jordan, naye kasoma Oregon. Wakatupa ile U na O, wakaweka O moja tu. Iangalie vizuri hiyo O: mstari wa nje ni umbo la uwanja wao wa mpira Autzen, wa ndani ni umbo la uwanja wa riadha Hayward Field. Kijani ikakolea karibu na nyeusi, na rangi ya helmeti ikawa inacheza na mwanga kama gari jipya la kifahari. Wazee walinuna. Miaka miwili baadaye timu ikamaliza msimu wa 2001 ikiwa ya pili nchi nzima, na kabla ya msimu huo walikuwa wamebandika picha kubwa ya mrushaji wao Joey Harrington kwenye jengo pale New York, dola 250,000, timu ya Oregon inajitangaza upande wa pili wa nchi. Hao hawakuwa wanacheza.

Kuanzia hapo spidi ikaongezeka. Mwaka 2003 ikaja njano kali ya kuumiza macho. Mwaka 2006 ndo ile michoro ya bati, mabegani na magotini, jezi yangu ya Karume ni ya kizazi hicho. Niseme ukweli ukiiangalia kwa karibu si nzuri, vile vinundu vimechapwa kwa rangi ya kijivu na vyangu vimeshaanza kubanduka upande wa kushoto, lakini kijana wa mwaka 2006 aliyekuwa anacheza gemu za kompyuta usiku kucha hiyo ilikuwa inamuongelesha yeye. Na kwa nini haina jina? Kwa sababu enzi hizo mchezaji wa chuo alikuwa hahesabiwi kama mfanyakazi wala staa, haruhusiwi kuingiza hela kwa jina lake, kwa hiyo jezi za dukani ziliuzwa na namba tu. Kila mtu alijua 10 ya Oregon ni Dennis Dixon, mrushaji aliyewafikisha nafasi ya pili kitaifa mwaka 2007 kabla goti halijamsaliti, lakini jina lake kuandikwa mgongoni, hapana. Ruhusa ya wachezaji kulipwa kwa majina yao ilikuja 2021. Miaka yote hiyo jezi ziliuzwa na mwenye namba hapati kitu.

Mwaka 2009 bati likaondoka zikaja manyoya ya mbawa mabegani, ambayo kwa timu ya bata angalau yanaingia akilini. Fainali ya kitaifa Januari 2011 dhidi ya Auburn walivaa soksi na viatu vya njano ile ya kung'aa kama fulana za trafiki usiku, wakafungwa 22-19 dakika za mwisho. Januari 2012 kwenye Rose Bowl wakatoka na helmeti kama kioo kabisa, ya kujitazama ukachana nywele, mbawa pembeni, wakawapiga Wisconsin 45-38, ushindi wao wa kwanza wa Rose Bowl tangu 1917. Miaka 95! Oktoba 2013 wakavaa helmeti za pinki kwa ajili ya saratani ya matiti, baadaye baadhi zikapigwa mnada hela ikaenda kwenye mfuko wa saratani.

Vyuo vingine vilivyokuwa vinacheka vikaanza kuiga. Maryland mwaka 2011, wakivalishwa na Under Armour, kampuni ya nguo za michezo ambayo mwanzilishi wake kasoma hapohapo, walitokea na jezi zenye bendera ya jimbo, nusu ya helmeti michoro hii na nusu ile, tivii nchi nzima ikawa inaongelea nguo tu. Hata wakongwe siku hizi wana jezi maalum ya mechi moja.

Lakini kuna kipande cha mwaka 2014 ndo kinanichekeshaga mpaka leo. Msimu ule Oregon walikuwa na Marcus Mariota, kijana wa Hawaii aliyebeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Oktoba wakacheza na Washington, na kwa kuadhimisha miaka 20 ya ule mpira wa Kenny Wheaton wakavaa nguo za 1994, helmeti ya njano, U na O zimeshikana, kila kitu kilichotupwa 1999 kimerudi, na uwanja ukalipuka kwa furaha, wazee wanalia. Wakashinda 45-20. Miezi mitatu baadaye, Januari 2015, wanaenda fainali ya kitaifa na Ohio State, usiku mkubwa kuliko yote, wakatokea na nyeupe na kijivu. Kijani hakuna. Njano hakuna. Timu ya kijani na njano. Wakala 42-20, na mashabiki wao mpaka leo wanakuambia ni zile nguo, wakati ukweli ni kwamba walishindwa kumzuia mtu mmoja anaitwa Ezekiel Elliott.

Siku hizi wako kwenye ligi ya Big Ten, wameingia 2024 pamoja na haohao Washington, wanakutana na Michigan ya mbawa za 1938 na Penn State isiyo na nembo, na kabla ya kila mechi wanatoa kwanza video ya kombinesheni ya wiki, watu wanaisubiri kama kikosi kinachoanza. Kombe la taifa bado hawajabeba.

Jezi yangu bado naivaa, ila siku ya dabi naiacha nyumbani.