Wiki Tatu za Mwisho Kabla ya Triathloni Ndefu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Anayejiandaa kwa kazi hiyo hutumia miezi mingi kujichosha, halafu kocha anamwambia apunguze. Hapo ndipo akili inapopata nafasi ya kuhangaika. Saa zilizokuwa za mazoezi sasa ni za kupiga hesabu, kusikiliza kila msuli na kupokea ushauri wa kila mtu. Dhana nyingi potofu huzaliwa katika nafasi hiyo, na karibu zote zinahusu mambo mawili: namna ya kupunguza mazoezi, na lengo la kwenda nalo kwenye mbio.

Dhana: Ukipunguza mazoezi unapoteza ulichojenga.

Hofu hii haikutoka hewani. Mtu akiacha mazoezi kabisa, majimaji ya damu huanza kupungua ndani ya siku chache, na uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hushuka. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walipima wanamichezo walioacha mazoezi na kukuta uwezo huo umepungua kwa asilimia 7 hivi katika wiki tatu za kwanza.

Ila kupunguza ni jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Robert Hickson, mtafiti wa Marekani, aliwapa watu mazoezi makali ya dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki. Baadaye akawapunguzia muda, wengine hadi dakika 26 na wengine hadi 13, huku makali ya zoezi yakibaki yale yale. Baada ya wiki 15 uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa haujashuka. Alipofanya kinyume, yaani akapunguza makali na kuacha muda ulivyo, ulishuka. Wiki 15! Na wewe unahofia wiki mbili.

Kinachotokea ni kwamba uchovu huondoka haraka kuliko uwezo. Misuli iliyochanika chanika hujitengeneza, akiba ya sukari katika misuli na ini hujaa tena, na miguu hurudisha nguvu zake za ghafla. Uchambuzi wa Laurent Bosquet na wenzake wa mwaka 2007, uliokusanya tafiti 27, ulionyesha kwamba faida kubwa zaidi hupatikana kwa kupunguza kwa takriban wiki mbili, wingi wa mazoezi ukishuka kwa asilimia 41 hadi 60, bila kugusa makali wala idadi ya siku za mazoezi. Iñigo Mujika, ambaye ameandika sana juu ya jambo hili, anataja nafuu ya karibu asilimia 3. Msomaji mwenye kikokotoo mkononi ataona kwamba asilimia 3 ya saa 12 ni zaidi ya dakika 21. Tafadhali usiziandike dakika hizo kwenye lengo lako. Vipimo vingi vya aina hiyo vilifanywa kwenye mbio fupi mno kuliko hii yako.

Dhana: Basi ni mapumziko. Fanya kila kitu polepole.

Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa, na huwapata watiifu zaidi kuliko wakaidi. Wanaambiwa wapunguze, wanaondoa kila kilicho kigumu, wanabaki na vimatembezi vya baiskeli, kisha wanashangaa miguu imekuwa kama ya mtu mwingine. Kata urefu, acha makali. Safari ya baiskeli ya saa nne inakuwa ya saa mbili, lakini vile vipande vya kasi ya mbio vinabaki humo, vichache zaidi. Mbio za kukimbia za saa moja zinakuwa za dakika 35, na ndani yake dakika kumi za kasi uliyoipanga.

Tena michezo hii mitatu haipunguzwi sawasawa. Kukimbia ndiko kunakoumiza misuli zaidi, kwa sababu kila hatua ni kishindo, kwa hiyo kunakatwa mapema na kwa kiasi kikubwa. Makocha wengi huweka mbio ndefu ya mwisho wiki tatu hivi kabla ya siku yenyewe. Baiskeli hufuata. Kuogelea hakuna kishindo, na mkono ukikaa siku kadhaa bila kugusa maji husahau namna ya kuyashika, ndiyo maana waogeleaji wengi hubaki majini hadi siku mbili tatu za mwisho, ingawa kwa vipindi vifupi.

Dhana: Pima uwezo wako wiki moja kabla, ujue umefikia wapi.

Mkamia maji hayanywi. Zoezi kubwa la siku saba kabla ya mbio halitakuongezea uwezo wa siku hiyo, kwani mwili haujengi kwa kasi hiyo. Litakalobaki ni uchovu. Kama unataka kujua umefikia wapi, fungua kumbukumbu za mazoezi yako ya wiki sita zilizopita.

Dhana: Ukihisi mzito au kuumwa hapa na pale, mambo yameharibika.

Wiki ya kupunguza ina vituko vyake. Goti ambalo halijawahi kusema neno linaanza kulalamika. Koo linawasha. Mizani inapanda kilo moja au mbili, na hapo wengine hukata chakula, jambo ambalo ni hasara tupu. Kila gramu ya sukari inayohifadhiwa mwilini huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji, na mwili wa mtu mzima aliyejiandaa unaweza kubeba nusu kilo hivi ya sukari hiyo katika misuli na ini. Uzito ulioongezeka ni mafuta ya gari, siyo kitambi. Kwa saa 36 hadi 48 za mwisho, ushauri wa kawaida wa wataalamu wa lishe ya michezo ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 700 au zaidi, kiasi ambacho hakiingii tumboni kwa urahisi, hivyo chagua wanga laini usio na nyuzinyuzi nyingi, na uwe umejaribu kabla.

Ninachokihofia zaidi ni upande wa pili ambao hakuna anayeulalamikia. Siku tano kabla ya mbio mtu anatoka na baiskeli, miguu myepesi, kasi inakuja yenyewe, anarudi nyumbani akiwa ameshapunguza dakika 30 kutoka kwenye lengo lake. Hisia za wiki hii hudanganya pande zote mbili. Lengo liandikwe kabla ya kuanza kupunguza, wakati bado umechoka na huna la kujidanganya nalo, na likiandikwa, likaguswe tu na hali ya hewa au ugonjwa.

Dhana: Lengo ni muda wa saa.

Mwaka 2022 Gustav Iden wa Norway alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman, mfululizo wa triathloni za urefu huu, huko Kona, Hawaii, kwa saa 7, dakika 40 na sekunde 24. Wa pili alikuwa Mfaransa Sam Laidlow, saa 7:42:24. Mwaka uliofuata ubingwa wa wanaume ulihamia Nice, Ufaransa, ambako baiskeli inapanda milima. Laidlow alitumia saa 8:06:22, dakika 24 zaidi ya mwaka uliotangulia, na akawa bingwa wa dunia. Angekuwa ameshikilia saa yake ya Kona kama kipimo cha mafanikio, angejiona ameshindwa huku amevaa taji.

Muda wa kumaliza unaamuliwa na upepo, joto, milima, mawimbi, na mita za ziada unazoogelea kwa kupotea njia kati ya maboya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokutii. Kwa hiyo mimi hupendelea malengo ya matendo: wati ngapi (kipimo cha nguvu unazoweka kwenye pedali) au mapigo mangapi ya moyo kwenye baiskeli, gramu ngapi za wanga kila saa (wengi hulenga 60 hadi 90, mchanganyiko wa glukosi na fruktosi ukisaidia kufika huko juu), na kasi ya kilomita kumi za kwanza za kukimbia. Muda uwepo, lakini uwe makadirio yanayotokana na hayo, na uwe na nafasi ya kupumua pande zote mbili.

Dhana: Dakika ulizozipata kwenye baiskeli ni faida halali.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo malengo mengi yanapokufa. Kwenye tambarare, adui mkuu wa mwendesha baiskeli ni hewa, na nguvu inayohitajika kuishinda hupanda karibu kwa kipeo cha tatu cha kasi (kasi mara kasi mara kasi). Ukitaka kuongeza kasi kwa asilimia 5, unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 15 hivi. Tuseme mpango wako ni kumaliza baiskeli kwa saa sita. Asilimia hizo 5 zitakupa dakika 17.

Sasa tazama upande wa kukimbia. Ulipanga kukimbia kilomita kwa dakika 6 na nusu. Miguu imekwisha, unatembea, na mwenye uchovu hutembea kilomita kwa dakika 10. Kila kilomita unayotembea inakula dakika 3 na nusu. Kilomita tano tu, zile dakika 17 zimekwenda, na mwili ulioishiwa hauombi kutembea kilomita tano tu. Huomba ishirini.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuchukua muda wako wa marathoni ya kawaida na kuubandika mwishoni mwa hesabu ni kujitafutia maumivu. Iden mwenyewe, siku ile ya ushindi Kona, alikimbia marathoni kwa saa 2:36:15. Ni kasi ya kutisha kwa mtu aliyetoka kuogelea na kuendesha kilomita 180, lakini mbele ya wakimbiaji bora wa marathoni pekee ni polepole.

Dhana: Kama lengo ni kumaliza tu, huhitaji mpango.

Unauhitaji kuliko wengine. Mbio nyingi za urefu huu zina ukomo wa saa 17, na ndani yake kuna ukomo wa kila sehemu, mara nyingi saa 2:20 kwa kuogelea na saa 10:30 tangu kuanza hadi kumaliza baiskeli, ingawa kila mbio zina kanuni zake na ni lazima uzisome. Ukishuka kwenye baiskeli saa 10:30 kamili, unabaki na saa 6:30 kwa marathoni, yaani dakika 9 na sekunde 14 kwa kilomita, zikiwemo kubadili viatu, kwenda chooni na kusimama kwenye meza za maji. Hiyo ni kasi ya kutembea kwa haraka sana bila kupumzika. Anayelenga kumaliza tu anapaswa kujua namba hizo kwa kichwa.

Dhana: Usiku wa kuamkia mbio usipolala, umekwisha.

Wengi hawalali. Usiku mmoja mbaya hauharibu kazi ya miezi. Lala vizuri wiki nzima inayotangulia.

Dhana: Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo, siku za mwisho na njiani.

Maji yakizidi, chumvi katika damu hupungua, ubongo huvimba, na watu wamewahi kufa kwa hilo. Kunywa unapoona kiu. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, ulikunywa kupita kiasi.

Dhana: Kushusha lengo katikati ya mbio ni kukata tamaa.

Inategemea uliamua lini. Aliyeingia na lengo moja tu, likivunjika kwenye kilomita ya 120 ya baiskeli kwa sababu ya upepo, hana kitu cha kukifuata kwa saa sita zilizobaki. Kwa hiyo andika malengo matatu: la siku ambayo kila kitu kinakubali, la siku ya kawaida, na la siku mbaya. Pembeni ya kila moja andika dalili ya kuliacha. Kwa mfano: tumbo likikataa jeli ya wanga kwa nusu saa, nashusha kasi hadi likubali, mapigo ya moyo yakizidi kiwango nilichoweka na joto limepanda, natembea kwenye kila meza ya maji na kujimwagia. Sentensi mbili kama hizo, zilizoandikwa wiki nne kabla na kubandikwa kwenye usukani wa baiskeli, zinasomeka hata na mtu ambaye kichwa kimeshachoka kufikiri.