Je, wajua? Kwa nini Macnab huwashinda hata wawindaji hodari

Kwenye Nyanda za Juu za Scotland kuna jaribio ambalo mtu anaweza kulifukuzia miaka mingi asilimalize: kuvua samoni mmoja, kupiga ayala dume mmoja na kuangusha grausi wawili, yote kati ya mapambazuko na machweo ya siku moja. Huitwa Macnab. Ayala ni yule mnyama mwenye pembe za matawi, ambazo huzidondosha kila mwaka na kuotesha mpya. Grausi ni ndege wa jamii moja na kwale, anayeishi milimani kwenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau.

Jina limetoka kwenye riwaya ya John Buchan ya mwaka 1925, John Macnab. Humo mabwana watatu waliochoshwa na maisha ya London wanawaandikia wenye ardhi barua za kuwatahadharisha kwamba wataingia kwao na kuchukua ayala au samoni bila kukamatwa. Wazo lilitokana na Kapteni James Brander Dunbar, aliyewekeana dau na Lord Abinger mwaka 1897 kwamba angempiga ayala kwenye ardhi ya bwana huyo kwa siri, akashinda pauni 20. Grausi waliongezwa baadaye, na ujangili ukaondolewa. Siku hizi kila hatua inahitaji ruhusa ya mwenye mto na mwenye mlima.

Ugumu wenyewe hauko kwenye shabaha. Uko kwenye kalenda na hali ya hewa, kwa sababu kila mmoja wa viumbe hawa anataka siku ya namna yake.

Msimu wa grausi hufunguliwa Agosti 12. Mito mingi ya samoni hufungwa Septemba 30, mingine Oktoba 15, na Jumapili sheria ya Scotland hairuhusu kuvua samoni kabisa. Kwa hiyo nafasi iliyopo ni wiki saba hadi tisa. Katikati ya Agosti mwanga hudumu takriban saa 15 na grausi wachanga bado hutulia mpaka uwakaribie. Ila mito mara nyingi imepungua maji, na madume wa ayala wako juu kabisa vileleni. Ukisubiri mwisho wa Septemba, mvua imejaza mito na madume wameshuka wakinguruma kutafuta majike, lakini mchana umebaki saa 11 na ushee, na grausi wamejikusanya makundi makubwa yanayoruka ukiwa bado mbali. Hakuna wiki inayowapendelea wote watatu.

Samoni hutangulizwa alfajiri, na hapa ndipo siku nyingi hufia. Samaki huyu akishaingia mtoni kutoka baharini huacha kula. Unamrushia chambo cha manyoya mtu asiye na njaa, ukitumaini kwamba hasira au mazoea ya zamani yatamfanya akidake. Uwezekano huwa mkubwa zaidi maji yaliyopanda kwa mvua yanapoanza kushuka na kung'aa. Fimbo ya mikono miwili, yenye urefu wa mita 4 hadi 4.5, hurusha mshipi kwa mshazari kuelekea upande mto unakoteremkia. Chambo huvuka na mkondo mpaka kifike upande wako, kisha unasogea hatua moja au mbili na kurudia. Akigusa, usiinue fimbo papo hapo. Mwache ageuke na kuvuta mshipi ili ndoana ijichomeke pembeni mwa mdomo. Anayeshtuka humnyang'anya chambo.

Samoni wa Uingereza wamepungua mno, na tangu 2023 wamo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Mvuvi makini hutumia ndoana isiyo na kijino cha kuizuia isichomoke, humwacha samaki majini muda wote, na humshika kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka apate nguvu za kuondoka mwenyewe. Samoni aliyeachiliwa bado huhesabiwa, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Ikifika saa 4 asubuhi na samoni hajapatikana, hesabu ya mlima inaanza kubana. Kumnyatia ayala huchukua kwa kawaida saa nne hadi sita. Kwanza bunduki hujaribiwa kwenye shabaha, maana darubini iliyogongwa garini humjeruhi mnyama bure. Kisha mwongozaji huchagua dume anayestahili kupunguzwa, mara nyingi mzee au mwenye pembe hafifu, na kupanga njia inayokwenda dhidi ya upepo. Upepo ukizunguka kwenye bonde, harufu yenu hutangulia na kundi zima huondoka. Mwezi wa kupandana kuna tatizo jingine: dume ana macho yake tu, lakini majike ishirini wanaomzunguka wana yao pia, na jike mmoja akiinua kichwa mnalala kifudifudi kwenye tope hadi atulie. Risasi hupigwa kutoka umbali usiozidi mita 150 hivi, nyuma ya mguu wa mbele, kwenye moyo na mapafu. Matumbo hutolewa palepale ili nyama isiharibike, halafu mzigo hushushwa kwa farasi mdogo au gari la matairi manene.

Grausi huachwa jioni kwa sababu milio ya bunduki ya marisau ingewatimua ayala bonde zima. Mbwa huzunguka dhidi ya upepo, akinusa hukauka kama sanamu, na mpigaji husogea taratibu ubavuni mwake. Kosa la kawaida ni kufyatua katikati ya kundi linaporuka: chagua ndege mmoja, kisha wa pili. Aliyeanguka lazima apatikane, maana ndege aliyepotea vichakani hahesabiwi, na mbwa aliyechoka hunusa vibaya giza likikaribia.