Je, wajua? Mkataba wa kazi wa rubani unavyogusa usalama wa ndege

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu wote 49 waliokuwamo pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walibaini kuwa mwendo ulipopungua kupita kiasi na usukani ukatikisika kumwonya rubani mkuu, aliivuta pua ya ndege juu badala ya kuishusha.

Kosa hilo lilikuwa la kiufundi, lakini saa zilizolitangulia zina habari yake. Rubani msaidizi, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo na aliyeishi Seattle, upande wa pili wa nchi, alikuwa amesafiri usiku kucha kwa kudandia ndege za mizigo ili awahi zamu, na mwenzake alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Kinasa sauti kilimnasa rubani huyo msaidizi, aliyekuwa mgonjwa, akieleza kwamba kama angeomba ruhusa ya ugonjwa akiwa Newark angelazimika kujitafutia hoteli mwenyewe. Kwa mujibu wa sheria, wote wawili walikuwa hawajavuka saa za kazi zilizoruhusiwa.

Hapo ndipo ajira inapoingia. Sheria huhesabu saa za zamu, ila uamuzi wa kusema "leo siwezi kurusha ndege" hubaki kwa rubani mwenyewe, na uamuzi huo una gharama isiyolingana kwa watu wote. Mwenye ajira ya kudumu na likizo ya ugonjwa yenye malipo hupoteza kidogo. Anayelipwa kwa saa za angani pekee, au aliyeajiriwa kupitia wakala na kuhesabiwa kama mfanyabiashara binafsi, hupoteza kipato cha siku hiyo na pengine zamu zijazo. Wapo pia marubani vijana, wenye madeni ya masomo, wanaolilipa shirika ili wapewe nafasi ya kukusanya saa za kurusha, na sioni mtu wa namna hiyo akimpinga bosi wake kwa wepesi.

Woga huo huziba pia taarifa. Mfumo wa usalama wa anga hutegemea sana marubani na wahudumu kuripoti kwa hiari makosa yao na uchovu wao. Wanaohofia kutoitwa tena hunyamaza, na shirika likadhani mambo ni shwari.

Baada ya ajali ile Marekani ilitunga kanuni mpya, zilizoanza kutumika Januari 2014, zikidai mapumziko ya angalau saa 10 kabla ya zamu. Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje, kana kwamba anayebeba vifurushi hasinzii. Kanuni hizo pia humtaka rubani athibitishe kabla ya kila safari kuwa yuko timamu kuruka, na uthibitisho huo hudaiwa kwa maneno yale yale kwa aliye na likizo ya ugonjwa yenye malipo na kwa yule ambaye asiporuka halipwi.